Mume Akibadili Nia, Mke Afanyeje? Maisha ya Cornelia Connelly



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya kila siku: pesa za nyumbani, wakwe, malezi ya watoto, na ugomvi mdogo mdogo unaoanza jikoni na kuishia chumbani. Leo nawaomba mketi pamoja, baba na mama, baada ya chakula cha jioni watoto wakiwa wamelala, mwasome maisha ya mke mmoja Mmarekani aliyehamia Uingereza na kuishi huko miaka zaidi ya thelathini hadi kifo chake. Jina lake ni Cornelia Connelly.

Huenda umewahi kusikia habari zake kama mwanzilishi wa shirika la watawa. Mimi nataka umtazame kwanza kama mke na mama, kwa maana alikuwa hivyo kabla ya yote. Nakuonya mapema kwamba hadithi yake si tamu. Kuna mahali utamkasirikia mume, na kuna mahali utajiuliza kama mke hakukosea. Usiharakishe kuhukumu. Soma mpaka mwisho, kisha mjadiliane.

MSICHANA YATIMA WA PHILADELPHIA

Cornelia Peacock alizaliwa Januari 15, 1809, katika mji wa Philadelphia, Marekani. Babake alifariki Cornelia akiwa na miaka tisa, na mamake akiwa na miaka kumi na minne. Alilelewa na dada yake wa mama mmoja, Isabella, ambaye alikuwa ameolewa katika nyumba yenye uwezo. Alisomeshwa vizuri, akajua lugha, muziki na kuchora. Wote waliomjua walisema alikuwa mzuri wa sura na mchangamfu.

Mwaka 1831, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, aliolewa na Pierce Connelly, kasisi kijana wa Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani. Kama unavyojua, makasisi wa kanisa hilo huruhusiwa kuoa. Jamaa wa Cornelia hawakuipenda ndoa hiyo, lakini yeye alikuwa amekwisha kumpenda Pierce. Wakahamia kusini, katika mji wa Natchez jimboni Mississippi, ambako Pierce alipewa kanisa. Natchez ulikuwa mji wa matajiri wa pamba, na utajiri huo ulitoka kwenye jasho la watumwa, watu wetu waliochukuliwa kutoka Afrika. Ni lazima niseme ukweli kwamba akina Connelly pia walikuwa na watumwa nyumbani mwao. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, wala si haki kulificha kwa sababu tu tunamheshimu.

Ndoa yao ilikuwa na furaha. Mtoto wa kwanza, Mercer, alizaliwa mwaka 1832, na binti yao Adeline mwaka 1835. Pierce alimpenda mkewe, na mke alimwamini mumewe kabisa. Likumbuke neno hilo, alimwamini kabisa, maana ndilo lililoleta mambo mengine yote.

WANAINGIA KANISA KATOLIKI

Wakati huo katika Marekani kulikuwa na chuki kubwa dhidi ya Wakatoliki. Vitabu na magazeti viliwatukana. Pierce akaanza kuchunguza kama maneno hayo ni kweli, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyovutwa na Kanisa lenyewe. Mwaka 1835 aliacha kazi yake, akabaki bila mshahara, akiwa na mke na watoto wawili wadogo. Mama msomaji, hebu fikiri mumeo akirudi nyumbani leo na habari kama hiyo.

Cornelia hakulalamika. Alikuwa amesoma pia kwa upande wake, na alipofikia uamuzi hakumngojea mumewe. Kabla hawajapanda meli kwenda Ulaya alipokelewa katika Kanisa Katoliki mjini New Orleans, Desemba 1835. Pierce alitaka kwanza kufika Roma, akapokelewa huko mwaka 1836. Huko Ulaya walipata marafiki wakubwa, mmoja wao akiwa John Talbot, bwana wa Shrewsbury, Mwingereza Mkatoliki mwenye cheo na mali. Mtoto wao wa tatu, John Henry, alizaliwa mwaka 1837 wakiwa Vienna.

Mwaka huo huo mabenki ya Marekani yalianguka, na fedha zao zikapungua sana. Ikabidi warudi. Mwaka 1838 walikwenda kuishi Grand Coteau, kijiji katika jimbo la Louisiana. Pierce alifundisha Kiingereza katika chuo cha Wajesuiti, na Cornelia akafundisha muziki katika shule ya wasichana ya watawa wa Moyo Mtakatifu. Nyumba yao ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na amani. Cornelia mwenyewe alihesabu kwamba hizo zilikuwa siku zake njema.

MISIBA MIWILI

Mwaka 1839 walizaa binti, Mary Magdalen, akafa akiwa na majuma machache tu. Mwanzoni mwa mwaka 1840, John Henry, mtoto wa miaka miwili na nusu, alikuwa akicheza na mbwa wao nje. Mbwa akamsukuma, mtoto akaanguka ndani ya pipa la maji ya miwa yaliyokuwa yakichemka kutengenezwa sukari. Cornelia alimpakata mwanawe kwa saa arobaini na tatu mpaka akakata roho mikononi mwake, Februari 2, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni.

Wako miongoni mwenu waliozika mtoto. Kwenu sina la kuongeza. Ninyi mnajua jinsi msiba wa namna hiyo unavyoweza kuwaunganisha mume na mke zaidi, au ukamfanya kila mmoja alie peke yake katika kona yake.

Miezi minane baadaye, Oktoba 1840, Cornelia akiwa na mimba ya mtoto wa tano, Pierce alimwambia jambo ambalo hakuna mke anayelitazamia. Alisema anasikia wito wa kuwa padri wa Kanisa Katoliki.

Alijua, na mkewe alijua, maana yake. Katika Kanisa letu la Kilatini padri haishi na mke. Ili Pierce awe padri, wangelazimika kutengana kwa kibali cha Kanisa, naye Cornelia aahidi kuishi bila mume maisha yake yote. Ndoa yao isingevunjwa, kwa maana ndoa haivunjwi, lakini nyumba yao ingekwisha.

Cornelia alimwomba mumewe afikiri vizuri na asiharakishe. Akamwambia pia kwamba kama kweli Mungu anataka, naye hatakataa. Tangu hapo walianza kuishi kama kaka na dada. Mtoto wao wa mwisho, Frank, alizaliwa mwaka 1841.

ROMA

Mwaka 1842 Pierce alikwenda Uingereza na Mercer, mtoto wa miaka tisa, akamwingiza katika shule ya bweni ya Wajesuiti ya Stonyhurst. Cornelia alibaki Louisiana na watoto wawili wadogo. Pierce alipofika Roma na kuomba upadri, Papa Gregori wa Kumi na Sita alitaka mke aje mwenyewe. Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 1843 Cornelia alikuwa Roma.

Hapo, kabla ya hatua ya mwisho, alimwuliza tena mumewe kama haoni vema warudi kuishi pamoja kama familia. Pierce alishikilia nia yake. Mwaka 1844 hati ya kutengana ilitiwa sahihi. Cornelia akaenda kukaa katika nyumba ya watawa, akiwa na Frank ambaye alikuwa bado mtoto mdogo. Julai 1845 Pierce alipewa upadri.

Wanandoa wapendwa, simameni hapa kidogo. Tukitazama kwa nje, tunaona watu wawili waliokubaliana. Karatasi ilikuwa na sahihi mbili. Lakini je, nia ilikuwa ya wawili, au ilikuwa ya mmoja na mwenzake akaibeba kwa upendo na utii? Mimi nafundisha wachumba wanaojiandaa kwa ndoa, na mara nyingi nimeona kijana akijibu swali huku msichana akitikisa kichwa tu. Siku hizi nimejifunza kumgeukia yule anayetikisa kichwa na kumngoja aseme mwenyewe.

MGENI KATIKA UINGEREZA

Mwaka 1846 Cornelia alifika Uingereza. Hakwenda kama mtalii wala kama mgeni wa matajiri. Viongozi wa Kanisa, hasa Askofu Nicholas Wiseman, walimwomba aanzishe shirika la watawa la kusomesha wasichana. Wakatoliki wa Uingereza walikuwa wamepata haki zao za kiraia mwaka 1829 tu, baada ya miaka mingi ya kubanwa. Walikuwa wachache na shule zao zilikuwa haba. Isitoshe, njaa kuu ya Ireland ilikuwa imeanza, na maskini wa kutoka huko walimiminika katika miji ya viwanda kutafuta kazi.

Oktoba mwaka huo alikwenda Derby na wenzake watatu. Hebu mwone akitua huko. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Alikuwa amezoea joto la Mississippi na Louisiana, baraza pana na jua. Derby ulikuwa mji wa viwanda vya hariri na lesi, wenye moshi wa makaa ya mawe. Katika Desemba jua huzama huko kabla ya saa kumi jioni. Lugha ilikuwa ile ile aliyonyonya nayo, lakini mambo mengi yalikuwa mageni. Alitoka katika nchi isiyo na mfalme, akaingia katika nchi ambapo kila mtu alijua ngazi yake, nani atangulie na nani afuate. Na kwa Waingereza wengi alikuwa mgeni mara tatu: Mmarekani, Mkatoliki, na zaidi ya hayo mtawa ambaye mumewe yu hai na ni padri.

Wazee wetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Cornelia hakungoja hata siku ya tatu. Nyumba waliyopewa ilikuwa kubwa kupita mahitaji yao na ilikuwa na deni zito. Hata hivyo, kabla ya muda mrefu walikuwa na shule ya mchana yenye watoto kama mia mbili, masomo ya jioni kwa wanawake waliotoka viwandani, na shule ya Jumapili. Wanawake hao walikuwa wamechoka kwa kazi ya siku nzima, na bado walikuja kujifunza kusoma, kuandika na kushona. Wakati huo huo Cornelia alikuwa akiwalea watawa wapya, akipika mipango, akihesabu senti, na kujibu barua za maaskofu.

Hivyo ndivyo alivyozoea maisha ya ugenini. Hakukaa dirishani akilinganisha kila kitu na kwao. Alishika kazi iliyokuwa mbele yake, na kupitia kazi hiyo akawajua majirani. Lakini hakuacha pia tabia njema aliyotoka nayo kwao. Aliwaamini watoto. Hakutaka wachungwe kama wafungwa. Aliwafundisha wasichana kuchora, kuimba na kucheza michezo ya kuigiza, na wale wa shule ya juu akawapa masomo ambayo watu wengi wa siku zile waliyaona ni ya wavulana. Wengine walishangaa, wengine walinung'unika. Yeye aliendelea. Ninyi mliohamia mji wa mbali kwa ajili ya kazi, au mama uliyeolewa katika kabila lisilo lako, mnaweza kujifunza hapa: pokea kazi na desturi njema za mahali ulipo, wala usitupe yaliyo mema uliyokuja nayo.

Lakini kulikuwa na donda ambalo kazi haikuliponya. Askofu aliagiza watoto wake wapelekwe katika shule za bweni, hata Frank ambaye alikuwa na miaka mitano. Cornelia alitii. Niseme nionavyo mimi kama mzazi. Waliomshauri walikuwa watu wa Mungu, lakini katika jambo hili hawakuwafikiria watoto vya kutosha, na deni lake likaja kulipwa.

MUME ANABADILI NIA

Pierce naye alikuwa Uingereza, akiwa padri katika nyumba ya rafiki yake bwana wa Shrewsbury. Hakutulia. Alianza kutaka kuwa na sauti juu ya shirika la mkewe. Siku moja alikwenda Derby bila kualikwa, naye Cornelia akamtaka asirudi. Tusidhani alisema hivyo kwa moyo mkavu. Alimwandikia baadaye na kukiri kwamba kumpenda kwake hakujaisha, na kwamba kumwona kulimpa vita kubwa.

Desemba 1847 Cornelia aliweka nadhiri zake za daima na kuwa mkuu wa shirika, lililoitwa Shirika la Mtoto Mtakatifu Yesu. Mwezi uliofuata, Januari 1848, Pierce aliwatoa watoto wote katika shule zao bila kumwambia mama yao, akawaficha, kisha akavuka kwenda nchi za Ulaya. Alitumaini kwamba mama atawafuata watoto. Huko Roma alijaribu kujionyesha kuwa yeye ndiye mwanzilishi wa shirika, ili apate mamlaka juu yake. Hakufaulu. Mwaka huo huo Cornelia na wenzake walihama Derby, wakaenda St Leonards, mji ulio kando ya bahari kusini mwa Uingereza. Pierce alipokuja kumtafuta huko, Cornelia alikataa kuonana naye.

Mwaka 1849 Pierce, ambaye bado alikuwa padri, alimshtaki mkewe mahakamani mjini London. Alidai arudishiwe haki zake za ndoa, yaani mke alazimishwe kurudi nyumbani kwake. Baadaye aliacha upadri na imani ya Kikatoliki pia.

Ili uelewe hatari aliyokuwamo, ni lazima ujue sheria ya Uingereza ya siku zile. Mke hakuwa mtu kamili mbele ya sheria. Mali yake ilikuwa ya mumewe, na watoto walikuwa wa baba. Machi 1850 hakimu alitoa hukumu kwamba hati ya Roma haina nguvu Uingereza, na kwamba mke arudi kwa mumewe. Kama angeendelea kukataa, angeweza kufungwa jela.

Mwaka ule ule Papa aliwarudishia Wakatoliki wa Uingereza majimbo na maaskofu wao, na nchi nzima ikawaka hasira. Sanamu za Papa na za Kardinali Wiseman zilichomwa moto barabarani. Katika hali kama hiyo, kesi ya mtawa aliyemkimbia mumewe ilikuwa chakula kitamu kwa magazeti. Pierce alitoa vijitabu vya kulishambulia Kanisa. Marafiki wengine walimshauri Cornelia akimbilie nchi nyingine ili kupunguza aibu. Alikataa. Aliona kwamba akikimbia atakuwa amewaacha wenzake na shule zake, na atakuwa amekubali kwamba ametenda kosa. Basi aliamka kila asubuhi, akasali, akafundisha, na kuingojea korti.

Alikata rufani. Juni 1851 baraza kuu la rufani lilisimamisha hukumu ile ya kwanza na kuagiza kesi isikilizwe upya, safari hii mambo yote ya Roma yakielezwa. Pierce alitakiwa alipe gharama kwanza, lakini hakuwa na fedha za kuendelea. Mwishowe kesi ilifutwa. Cornelia alibaki huru.

WATOTO

Alishinda kesi, lakini watoto hakuwapata. Mercer alipelekwa Marekani, akafa kwa homa ya manjano mjini New Orleans mwaka 1853, akiwa na umri wa miaka ishirini. Adeline alibaki na babake miaka mingi, akaacha Kanisa Katoliki pamoja naye, na akarudi baada ya babake kufariki. Frank akawa mchonga sanamu mwenye jina, akiishi Italia. Alimpenda mamake, lakini Kanisa alilichukia, kwa kuwa aliliona ndilo lililovunja nyumba yao. Pierce aliishia kuwa kasisi wa kanisa la Kiepiskopali la Wamarekani mjini Florence, akafa mwaka 1883.

Nikifika hapa huwa sina maneno mengi. Wazazi wawili waliofanya kila kitu kwa jina la Mungu, na mtoto akamwona Mungu kama mwizi wa mamake. Baba na mama, watoto wenu wanatazama. Wanayoona nyumbani ndiyo katekisimu yao ya kwanza, kabla ya ile ninayowafundisha mimi.

MIAKA YA MWISHO

Cornelia aliendelea na kazi. Alifungua shule katika miji mbalimbali ya Uingereza pamoja na chuo cha kuandaa walimu, na mwaka 1862 watawa wake wa kwanza walivuka bahari kwenda Marekani, nchi yake mwenyewe. Yeye hakurudi kuishi kwao. Mwaka 1863, mama mmoja mwenye cheo, mke wa marehemu bwana wa Leeds, alimpa magofu ya jumba la kale la maaskofu wakuu wa Canterbury, lililoko Mayfield, kwa sharti kwamba alijenge upya. Mama huyo naye alikuwa Mmarekani aliyeolewa Uingereza. Wageni wawili wakayasimamisha tena magofu ambayo wenyeji walikuwa wameyaacha muda mrefu.

Alikuwa na taabu hata ndani ya shirika lake, kwa sababu katiba yake haikupata idhini ya mwisho ya Roma wakati wa uhai wake. Idhini hiyo ilikuja baada ya kifo chake. Alisumbuliwa pia na ugonjwa wa ngozi wenye maumivu makali. Alifariki St Leonards Aprili 18, 1879, siku ya Ijumaa katika juma la Pasaka. Mwili wake baadaye ulihamishiwa katika kanisa la Mayfield. Watawa wa shirika lake walifika Nigeria mwaka 1930, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heshima, hatua iliyo kabla ya kuitwa Mwenye Heri.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, wito wa mmoja ndani ya ndoa unawahusu wawili. Mungu aliyewaunganisha hasemi na mume peke yake na kumsahau mke. Ukisikia unaitwa kufanya jambo kubwa, iwe kazi ya ng'ambo, siasa, biashara au huduma kanisani, mwulize mwenzako kwa moyo mweupe, na ukubali kwamba jibu lake laweza kuwa hapana. Kanisa lenyewe limeliweka wazi jambo hili. Sheria yake ya mwaka 1983 inamzuia mwanamume mwenye mke kupewa upadri katika taratibu za Kilatini, na mwanamume mwenye ndoa anayetaka kuwa shemasi wa kudumu hapokelewi bila idhini ya mkewe.

Pili, ndiyo yako na iwe ndiyo kweli. Cornelia alipokubali alikubali moja kwa moja, na ndiyo maana mumewe alipogeuka hakuweza kumfuata. Pierce alitaka zawadi bila kulipa bei yake. Kwa hiyo, mama, usiseme ndiyo ili tu kuepuka kelele. Nawe baba, usimsukume mwenzako mahali ambapo wewe mwenyewe hutaweza kusimama mwaka ujao.

Tatu, watoto wasilipe deni la wazazi. Mume aliwafanya watoto kuwa kamba ya kumvutia mke. Mambo hayo yapo hata leo, hata kijijini kwetu: baba anamnyima mama watoto, au mama anawajaza watoto chuki dhidi ya baba. Ugomvi wenu ukizidi, mwoneni padri wenu au wazee wa jumuiya, lakini watoto wasiwe silaha.

Nne, ugenini si mwisho wa maisha. Ukijikuta peke yako mahali usipopachagua, kwa sababu ya kufiwa, kuachwa au kuhamishwa, shika jembe. Mungu hakumrudishia Cornelia nyumba yake ya Grand Coteau. Lakini katika nchi ya ukungu na moshi alimpa mamia ya watoto wa kuwafundisha, naye hakuwanyima upendo ule ambao wake wa kuwazaa walinyang'anywa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Je, kuna uamuzi katika ndoa yetu ambao mmoja wetu aliufanya na mwingine akaubeba tu? Tumewahi kuuzungumza?

2. Kama ungekuwa Cornelia ile Oktoba ya 1840, ungemjibu nini mumeo? Kama ungekuwa Pierce, ungengoja?

3. Watoto wetu wakiulizwa jinsi baba na mama wanavyoelewana, watajibu nini?

Mkishajadiliana, msilale kabla ya kusali pamoja, hata kama ni Baba Yetu moja tu. Waombeeni wanandoa waliotengana, na watoto ambao usiku huu wanalala mbali na mzazi mmoja.

Tukutane tena toleo lijalo. Amani ya Kristo ikae nyumbani mwenu.